Namna ya Kulinyamazisha Sanduku la Spika

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Waswahili husema, "Debe tupu haliachi kuvuma." Methali hii husemwa juu ya mtu mwenye maneno mengi na akili chache, lakini leo mimi nataka kuitumia kama ilivyo, juu ya debe lenyewe. Sanduku la spika ni debe tupu. Mtu akilitengeneza kwa mbao nzuri, akalipaka rangi, akatia spika ya bei kubwa, kisha akaacha ndani mna utupu, litavuma. Na mvumo huo utayafunika maneno.

Katika makala hii nitaeleza kwa nini sanduku huvuma, ni vitu gani huuzuia mvumo huo, na jinsi ya kuvikata na kuvitia. Nimechagua jambo hili kwa sababu siku hizi spika za kuchonga zimeenea kila mahali hapa Ngenge na katika wilaya yetu ya Muleba. Zimo madukani, kwa vinyozi, katika harusi, katika nyumba za ibada na juu ya pikipiki za matangazo. Mafundi wetu wanajua kukata mbao na kuunga nyaya. Lakini masanduku mengi niliyoyaona yakifunguliwa hayakuwa na kitu ndani ila spika na waya wake.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Labda msomaji atasema, "Huyu anasumbuka na muziki tu." Sivyo. Spika hutumika kwa maneno kuliko kwa nyimbo. Mnamo 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya elimu iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi, wakawa wanaizunguka redio moja na kujifunza jinsi ya kujikinga na malaria, kuhara na maradhi mengine. Elimu yote hiyo ilipita katika kisanduku kidogo chenye spika moja. Kama kisanduku kingemeza maneno, elimu nayo ingepotea.

Nami nimeona hasara ya namna hiyo kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja tangazo la chanjo ya ng'ombe lilipitishwa kwa spika ya kuchonga. Mtangazaji alisema Jumatano. Watu waliokuwa karibu walisikia Jumatano, lakini wengi waliokuwa mbali walisikia "Jumata" na baada yake mvumo tu. Wengine wakapeleka mifugo Jumatatu, wakakaa juani mchana kutwa bila kumwona daktari, wakarudi nyumbani wamekasirika. Siku yenyewe ilipofika baadhi yao hawakurudi tena. Tazama: tofauti ya Jumatatu na Jumatano ni silabi moja ya mwisho, na silabi hiyo ndiyo iliyoliwa na sanduku.

SPIKA HUFANYAJE KAZI

Spika za namna tunayoitumia zilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Ndani yake mna sumaku, na katikati ya sumaku mna koili ya waya mwembamba. Umeme wa sauti ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Koili imegundishwa kwenye koni ya karatasi, basi koni nayo huenda mbele na nyuma, ikaisukuma hewa, nasi tukasikia sauti.

Lakini koni ina pande mbili. Inaposukuma hewa ya mbele, papo hapo inaivuta hewa ya nyuma. Sauti ya mbele na sauti ya nyuma ni kinyume, na zikikutana hufutana, hasa zile sauti nene. Hii ndiyo sababu spika ikishikwa mkononi bila sanduku hulia kwa sauti nyembamba kama ya nyuki. Sanduku limewekwa ili kuifunga ile sauti ya nyuma isitoke kuja kugombana na ya mbele.

Basi sanduku ni gereza, na sauti ya nyuma ni mfungwa. Mfungwa huyu halali. Hupiga kuta usiku na mchana, na hupiga kelele mle ndani akitafuta pa kutokea. Kazi yetu ni kumtuliza.

SPIKA SI NGOMA WALA ENANGA

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wao hufikiri kwamba sanduku zuri ni lile linalolia. Hugonga ubao kwa kidole, na ukilia "ndiii" hufurahi. Fikira hii imetoka katika ngoma na vinanda vyetu. Katika nchi ya Wahaya iko enanga, ambayo ni gogo lililochongwa kama chano na kutandikwa nyuzi. Kwa chombo hicho zimeimbwa tenzi za mashujaa, ambazo Profesa M. M. Mulokozi amezitafiti na kuziandikia. Uzi wa enanga peke yake hauna sauti ya kutosha. Ni ule mti uliochongwa unaotikisika pamoja nao na kuikuza sauti. Hali kadhalika ngoma. Chombo cha muziki kina haki ya kuwa na sauti yake, na ndiyo inayotufanya tuipende ngoma hii kuliko ile.

Sanduku la spika halina haki hiyo. Kazi yake si kuimba bali ni kupeleka. Likileta sauti ya mwalimu, isikike sauti ya mwalimu. Likileta wimbo wa Saida Karoli, isikike ngoma yake na sauti yake, wala mbao zisiongeze ngoma nyingine juu ya hiyo. Kwa hiyo ukigonga sanduku la spika, jibu jema ni "dap," fupi na kavu, kama ugongaye shina la mti ulio hai.

MIVUMO NI MIWILI

Mvumo wa kwanza ni wa mbao. Kuta za sanduku hutetemeka na kutoa sauti zao nje. Mvumo wa pili ni wa hewa. Hewa iliyofungwa ndani husukumwa kutoka ukuta hadi ukuta, ikawa na sauti yake, nayo hupenya kupitia koni yenyewe, maana karatasi ya koni ni nyembamba.

Yafaa kukumbuka sana kwamba mivumo hii ni miwili, kwa kuwa dawa zake si moja. Sponji haizuii ubao kutetemeka, na mpira mzito uliogundishwa ukutani haunyonyi sauti ya hewa. Wako watu waliotia dawa ya ugonjwa mmoja katika ugonjwa mwingine, kisha wakasema kwamba dawa hazifai.

DAWA YA MBAO

Dawa ya kwanza ni unene. Ubao ukiongezwa unene, ugumu wake wa kukataa kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu. Mbao za milimita 18 ni nene mara moja na nusu kuliko za milimita 12, lakini ni ngumu kupindwa zaidi ya mara tatu. Hesabu ni hii: 1.5 × 1.5 × 1.5 = 3.375. Kwa hiyo fundi asibane fedha katika unene wa mbao akazimwage katika rangi.

Dawa ya pili ni mhimili. Kata kipande cha mbao, kama cha sentimita 4 kwa 4, ukipigilie na kukigundisha kutoka ukuta mmoja hadi ukuta unaoukabili. Usikiweke katikati kabisa. Kiweke kando kidogo, ili sehemu mbili za ukuta zisilingane wala zisivume kwa sauti moja.

Dawa ya tatu ni kuutia ubao uzito usio na mlio. Mpira wa ndani wa gurudumu la gari, yaani tyubu kuukuu, wafaa sana, na mafundi wa kuziba pancha wana mirundo yake. Ioshe kwa maji na sabuni, ikauke. Ipasue kwa mkasi, uilaze, uikate vipande vya mstatili vyenye kufunika karibu nusu ya kila ukuta, katikati ambako ubao hutetemeka zaidi. Kwaruza upande mmoja wa mpira kwa msasa ili gundi ishike. Paka gundi ya viatu katika ubao na katika mpira, ngoja mpaka ikaribie kukauka, kisha ubandike na kugonga kwa nyundo ya mpira au kwa ngumi. Ukiweza kuweka tabaka mbili, na juu yake ukabandika kipande cha plaiwudi nyembamba, kazi itakuwa bora zaidi, kwa sababu mpira uliobanwa kati ya mbao mbili husuguliwa kwa ndani na kuyameza matetemeko.

DAWA YA HEWA

Ili kuuelewa mvumo wa hewa, nitatumia jambo ambalo kila mmoja wetu amelijua tangu utotoni. Mama zetu wanapobeba ndoo ya maji kichwani huweka majani ya mti juu ya maji. Kwa nini? Kwa sababu mwendo wa mtu huyafanya maji yacheze kutoka ukingo hadi ukingo, na yakizidi humwagika. Majani hayo huyachelewesha maji. Maji yakitaka kwenda huku, hupita kwa taabu kati ya majani, na nguvu zake huisha.

Hewa ndani ya sanduku hucheza vivyo hivyo. Tuhesabu. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 20. Sanduku likiwa na kimo cha sentimita 40 kwa ndani, hewa yake hucheza kwa nguvu pale ambapo nusu ya wimbi hutimia katika kimo hicho, yaani mara 429 hivi kwa sekunde. Upana wa sentimita 30 huleta mvumo wa mara 572, na kina cha sentimita 25 huleta mvumo wa mara 686. Wanafunzi wenzangu wa kidato cha nne waikumbuke hesabu hii, maana imo katika somo la Mawimbi: mwendo gawanya kwa urefu wa wimbi.

Sasa tazama hatari yake. Sauti hizo zimo katikati kabisa ya sauti ya binadamu, mahali zinapolia irabu zetu a, e, i, o na u. Konsonanti kama s, t, f na ch ni sauti nyembamba na dhaifu. Irabu zikivumishwa na sanduku, konsonanti huzama chini yake. Mtu wa mbali husikia kwamba kuna mtu anasema, lakini hajui anasema nini.

Jambo lingine la kuangalia ni mahali pa kuweka dawa. Tazama tena maji katika beseni la mstatili likitikiswa. Kwenye kingo maji hupanda na kushuka, lakini katikati ndipo yanapokimbia kwenda na kurudi. Hewa nayo huenda mbio zaidi katikati ya sanduku, na ikifika ukutani husimama. Basi sponji nyembamba ya sentimita 1 iliyobandikwa ukutani hukaa mahali ambapo hewa haina mwendo. Haina cha kukamata. Hupunguza sauti nyembamba kidogo, lakini ule mvumo mkubwa hupita bila kujali. Kwa hiyo dawa ya hewa iwe nene, isipungue sentimita 5, na katika sanduku lililofungwa pande zote ifike hata katikati.

VITU VYA KUTUMIA

Kitu kizuri ni kile chenye nyuzi au vitundu vingi ambavyo hewa hupita kwa taabu. Hewa ikijisugua humo, nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto dogo sana lisilohisiwa. Kipimo chake ni rahisi. Weka kitu mdomoni upulize. Hewa ikipita kana kwamba hapana kitu, hakifai. Isipopita kabisa, hakifai vilevile. Ikipita kwa taabu, hicho ndicho. Nitavitaja vile ninavyovijua.

Sponji ya godoro kuukuu ni nzuri, ikiwa haijaoza na kuwa unga. Ipigwe vumbi, ifuliwe, ianikwe mpaka ikauke kabisa.

Pamba za mito zinazouzwa madukani, ambazo kwa kweli ni nyuzi za plastiki, ni nzuri kupita zote kwa bei na kwa usalama. Haziozi wala hazivuti unyevu.

Pamba ya shambani inanyonya sauti vizuri, nayo haitoki mbali, maana hulimwa kusini mwetu katika mkoa wa Geita. Ila huvuta unyevu, na panya huipenda.

Blanketi la sufu ya kondoo lililochakaa lafaa sana likikunjwa mara nne au tano.

Magunia ya kahawa tunayo tele katika mkoa wa Kagera. Gunia moja lililobandikwa ukutani ni jepesi mno, halifanyi kazi kubwa. Lakini ni mfuko mwema wa kushikilia pamba isisambae na kuangukia spika.

Watu wameniuliza juu ya nguo za magome ya mti wa jamii ya mkuyu, ambazo babu zetu wa Buhaya walizitengeneza kwa kupondaponda gome kwa nyundo za mti, na ambazo majirani zetu wa Buganda wanazitengeneza hata leo. UNESCO ilitangaza ufundi huo wa Uganda kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005. Ni kweli kwamba nguo hiyo, kwa kuwa ni nyuzi zilizoshikamana, ingenyonya sauti. Lakini simshauri mtu yeyote aikate nguo ya heshima ya ukoo kwa ajili ya spika, hali pamba ya mto iko dukani.

Vitu visivyofaa ni trei za mayai, ambazo watu huziamini mno ingawa karatasi yake ni nyembamba na hainyonyi ila kidogo. Yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na televisheni, kwa sababu hayapitishi hewa. Na nyasi kavu, ambazo huvunjika, huoza na kuleta wadudu.

NAMNA YA KUKATA

Sponji ikikatwa ovyo huraruka. Kwanza pima ndani ya sanduku, wala si nje, kwa maana unene wa mbao hupunguza nafasi. Kila kipande kiongezee sentimita 1 kwa urefu na kwa upana. Nyongeza hiyo hukifanya kijibane chenyewe kati ya kuta, hata gundi ikichoka kisianguke.

Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Ibane sponji kati ya mbao mbili zilizonyooka, ukingo wa mbao ukifuata mstari. Tumia kisu kirefu chenye makali mapya, au kile cha mkate chenye meno. Usikikandamize kisu kama ukataye muhogo. Kivute taratibu kwa mwendo mrefu, mara tatu au nne, mpaka kifike chini. Kipande cha nyuma ya spika kitobolewe nafasi kubwa kuliko sumaku, ili pawe na wazi wa sentimita 5 hivi kila upande. Koili hupata moto ikifanya kazi, nayo yahitaji hewa.

Blanketi hukatwa kwa mkasi wa fundi cherehani, kisha kingo zake hushonwa ili nyuzi zisichomoke. Pamba haikatwi. Huchambuliwa kwa vidole mpaka iwe nyepesi na kuvimba. Pamba iliyoachwa mabonge ni sawa na mawe katika ndoo, kwani hewa huyazunguka na kwenda zake.

NAMNA YA KUTIA

Anza kwa kuziba nyufa zote za viungo kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno. Kisha bandika mipira, na uliache sanduku wazi siku nzima mpaka harufu ya gundi iishe, kwa sababu mvuke wa gundi ya viatu waweza kuharibu ukingo laini wa koni.

Siku ya pili tia vipande vya sponji. Kama sanduku limefungwa pande zote, funika ukuta wa nyuma, wa juu, wa chini na mmoja wa kando, kisha jaza pamba nyepesi katikati. Funga waya wa spika ukutani kwa vibanio ili usigonge mbao.

Kiasi cha pamba hutegemea ukubwa. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 lina lita 30. Kwa kila lita weka gramu 8, basi jumla ni gramu 240. Sikiliza, kisha ongeza kidogo kidogo, lakini usipite gramu 16 kwa lita, yaani gramu 480 kwa sanduku hilo. Ikizidi, sauti nene hukosa nguvu na kuwa kama mtu anayesema akiwa chini ya blanketi.

Pamba hii ina faida nyingine ya ajabu. Hewa inapobanwa hupata moto, na nyuzi hulichukua joto hilo na kulirudisha. Kwa hiyo hewa huwa laini zaidi, na spika huona kana kwamba sanduku limekuwa kubwa. Edgar Villchur wa Marekani aliuza spika ndogo ya namna hii katika miaka ya 1950, iliyofungwa kabisa na kujazwa nyuzi za kioo, nayo ikatoa sauti nene ambazo zamani zilihitaji sanduku kubwa kama kabati la nguo.

Lakini kama sanduku lina tundu au bomba la kutolea hewa, kama alivyobuni Albert Thuras katika miaka ya 1930, usijaze katikati. Bomba hilo hufanya kazi kwa hewa inayoingia na kutoka, na pamba ikiliziba litakufa. Funika kuta tu, na uache njia wazi kutoka spika hadi bomba. Sabufa nyingi za kuchonga ni za namna hii, basi fundi atazame kwanza kabla ya kujaza.

JINSI YA KUPIMA

Tuliyapima masanduku ya chama chetu cha sayansi kwa njia mbili, ambazo kila mtu aweza kuzifuata.

Njia ya kwanza ni ya mchanga. Laza sanduku ubavu, umwage mchanga mkavu au punje za mchele ukutani, kisha upige sauti moja nene kutoka simu ya mwalimu na kuipandisha polepole. Ubao ukitetemeka, mchanga hurukaruka na kukusanyika mahali patulivu. Ernst Chladni wa Ujerumani alieleza michoro ya namna hii mwaka 1787. Mahali mchanga unapokimbia ndipo panapotaka mpira au mhimili.

Njia ya pili ni ya masikio. Msomaji mmoja asome kwa kipaza sauti maneno yanayofanana, kama vile Jumatatu na Jumatano, sitini na sabini, mbuzi na mbuni, naye ayachanganye. Wengine wakae nyuma ya ukumbi na kuandika wanayoyasikia. Kisha maneno hayo yasomwe tena kwa mpango mwingine, sanduku likiwa limetiwa pamba, bila kuongeza sauti. Masahihisho ndiyo hakimu. Sisi tuliona kwamba faida kubwa ilikuwa kwa sauti za walimu wa kiume, na kwa wanafunzi waliokaa safu za mwisho. Mwenzetu mmoja ambaye sikio lake moja ni zito alisema, "Leo sikuwa na haja ya kumwangalia mwalimu mdomoni." Kwangu mimi neno lile lilipita vipimo vyote.

Na hapo pana fundisho. Watu wasiposikia, desturi yetu ni kuongeza sauti. Lakini sauti ikiongezwa, mvumo nao huongezeka, wala konsonanti hazipandi juu yake. Spika huumia, majirani huudhika, na maneno yanabaki yamezama palepale.

TAHADHARI

Atumiaye nyuzi za kioo avae glavu, mikono mirefu na barakoa, tena azifunike kwa kitambaa, maana huwasha ngozi na kudhuru kifua. Sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, kwa hiyo amplifaya isiwekwe pamoja nayo ndani ya sanduku moja. Kila tundu lifungwe kwa wavu wa chuma ili panya wasiingie. Na wakati wa masika sanduku lisiwekwe juu ya sakafu yenye unyevu.

MANENO YA MWISHO KWA WAZAZI NA MAFUNDI

Wazazi wetu mnaponunua spika ya kuchonga, msiulize tu ina ukubwa gani na inapiga kwa sauti gani. Mwombeni fundi afungue skrubu nne za spika, mtazame ndani. Mkiona utupu, mwambieni kwa heshima aweke pamba. Gharama yake ni mto mmoja na tyubu kuukuu. Na fundi asione haya kufunguliwa sanduku lake, kwani kazi njema haiogopi kutazamwa.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msidhani kwamba fizikia imo katika mtihani tu. Imo katika majani juu ya ndoo ya mama, na imo katika godoro kuukuu. Atakayetaka kuyaona masanduku yetu mawili na afike katika chumba cha maabara siku ya Jumamosi baada ya usafi. Aje na kisu kikali, sponji tunayo.